Jeti ya Pwani, Hewa ya Thika

Gari likiondoka Mombasa alfajiri likaingia Thika jioni, limepanda mita 1,500 hivi. Abiria huona minazi ikipotea na mashamba ya mananasi yakitokea. Injini nayo hupata habari kwa njia yake. Hewa inayovutwa na silinda imepungua uzito kwa takribani asilimia 14, ilhali tundu linalopitisha petroli ndani ya kabureta ni lile lile la asubuhi. Magari ya siku hizi hayasumbuliwi na safari hiyo, kwa sababu yana vihisi vinavyopima hewa na kompyuta inayopunguza mafuta papo hapo. Land Rover ya miaka ya 1970, Volkswagen Beetle au Peugeot 404 haina kompyuta. Ina kabureta, na kabureta haiwezi kujipima yenyewe. Lazima mtu aipime.

Ndiyo maana magari ya zamani yanayofika kwenye gereji za Ruiru na Thika huja na malalamiko yanayofanana. Linakunywa mafuta. Silensa inatoa moshi mweusi. Linazima kwenye matuta, halafu linakataa kuwaka likiwa moto. Mwenye gari huwa ameshajipa jibu kabla ya kushuka: "Fundi, nirekebishie kabureta." Fundi anayeijua kazi hujibu kwa upole, "Sawa mzee, lakini kwanza tufungue plagi," na kwa muda mrefu baada ya hapo hagusi kabureta kabisa.

Plagi ndiyo ushahidi. Ikitoka na masizi meusi makavu, mafuta yamezidi hewa. Ikiwa nyeupe kama iliyounguzwa, mafuta yamepungua na injini inachemka ndani kwa ndani. Inayotafutwa ni rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, ingawa petroli ya sasa isiyo na risasi huacha rangi hafifu kuliko ile iliyozoewa na mafundi wa zamani. Plagi nne zikiwa na rangi nne tofauti, kosa haliko kwenye kabureta. Kabureta moja inayolisha silinda zote haiwezi kuibagua mojawapo peke yake. Hapo ni valvu, waya wa plagi, au hewa inayopenya kwenye gasketi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Ili petroli iungue yote, gramu 1 inahitaji gramu 14.7 za hewa. Kabureta iliyopimwa usawa wa bahari ikapata kipimo hicho, ikipandishwa mpaka Thika hutoa kama gramu 13.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli. Kwa maneno mengine, mafuta yamezidi kwa asilimia 7 hivi bila mtu kugusa kitu. Kwenye tangi la lita 40, hiyo ni karibu lita 3 zinazogeuka masizi. Mtu anayesubiri bei mpya za mafuta za EPRA, mamlaka ya nishati, kila tarehe 14 ya mwezi ana sababu ya kuijali tarakimu hiyo.

Dawa iko kwenye jeti kuu, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu katikati. Solex na Weber huchonga namba juu yake: 130 maana yake tundu lina upana wa milimita 1.30. Ukiitoa ukaweka ya 125, eneo la tundu hupungua kwa asilimia 7 na nusu. Tofauti ya namba tano tu, milimita 0.05 ambayo jicho haliioni, inatosha kulirudisha gari la pwani kwenye kipimo cha Thika. Watu wengi huliendesha gari lao miaka kumi bila kujua kwamba jeti iliyomo ndani ilichaguliwa na mhandisi wa Ulaya kwa ajili ya barabara za nchi tambarare.

Skrubu ya nje, ile ambayo kila mtu mwenye bisibisi hujaribu kuizungusha, haitibu tatizo hilo. Inasimamia mafuta ya injini inayounguruma gari likiwa limesimama, na kidogo pale mguu unapoanza kukanyaga. Gari likishika mwendo, petroli hupita kwenye jeti kuu, ambako skrubu hiyo haina usemi. Zamani, kwenye Thika Road ya foleni na mashimo, gari lilikuwa likisimama na kuondoka muda mwingi, na kosa la jeti kuu lingeweza kujificha. Tangu barabara kuu mpya ya Thika ifunguliwe Novemba 2012, gari kuukuu linaweza kwenda kwa kasi ile ile kutoka Roysambu hadi Thika mjini, na jeti isiyofaa inafanya kazi njia nzima. Anayeseti kabureta siku hizi akaridhika na mlio wa injini pale uani bila kulipeleka gari barabarani amefanya nusu ya kazi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna jeti inayolirudisha, nalo ni nguvu. Injini ya nguvu-farasi 70 usawa wa bahari hubaki na kama 60 Thika, kwa kuwa hewa yenyewe imepungua. Fundi mkweli humwambia mteja hivyo mapema, kabla hajaombwa kuongeza mafuta ili gari "liwe na nguvu." Kuongeza mafuta hapo ni kuongeza moshi.

Thika ina haki ya pekee ya kuzungumzia habari hii. Katikati ya miaka ya 1970 mji huo ulipata kiwanda cha Leyland Kenya, kilichoanzishwa kwa ubia wa serikali na kampuni binafsi. Sehemu za magari zililetwa kwa makasha zikaunganishwa pale pale, na milangoni zikatoka Land Rover na Volkswagen Kombi zilizokwenda kubeba walimu, watalii, wagonjwa na maofisa wa kilimo kote nchini. Baadaye kiwanda kikaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Kwa hiyo baadhi ya magari yanayoitwa ya kale leo, yanayosukumwa hadi kwenye gereji ya jua kali, yanarudi kwenye mji yalikozaliwa.

Land Rover ya petroli ya enzi hizo, yenye injini ya lita 2.25, ilikuwa na kabureta ya Zenith 36 IV, na Zenith hiyo ina ugonjwa unaojulikana kila nchi ilikofika. Ndani ya bakuli la mafuta mna kipande kinachobeba jeti, na juu yake mfuniko. Nyuso za vipande hivyo viwili zikipinda, kwa joto la injini au kwa skrubu zilizokazwa kupita kiasi, petroli hujipenyeza pembeni bila kupitia kwenye jeti. Dalili yake haifichiki: fundi hufunga skrubu ya mafuta mpaka mwisho, injini ikaendelea kuunguruma kana kwamba hajafanya lolote, na moshi haupungui.

Tiba yake haihitaji mashine. Fundi hutafuta kipande cha kioo cha dirisha, kwa sababu kioo ndicho kitu kilichonyooka kuliko vyote vilivyo karibu. Hukilaza mezani, akaweka juu yake msasa laini uliolowa, kisha akausugua uso wa kile kipande kwa kukizungusha taratibu, bila kukandamiza. Baada ya mizunguko michache hukigeuza akakitazama. Palipong'aa ndipo palipoinuka. Palipobaki peusi ndipo penye bonde. Anaendelea hivyo hivyo hadi weusi wote uishe na uso mzima ung'ae sawasawa. Kisha huosha kwa petroli, akapuliza kila tundu kwa kompresa, akaweka pete mpya ya mpira, ile ndogo ambayo wengi huisahau, na kukaza skrubu kwa zamu, kidogo kidogo, upande huu na upande ule. Kazi hiyo inaweza kumaliza asubuhi nzima, na inastahili kulipwa kama kazi ya asubuhi nzima. Wateja wanaoona msasa na kioo wakadhani ni kazi ya bei rahisi wanawaonea mafundi hawa.

Hata hivyo, kabla ya Zenith kufunguliwa, kuna mambo ambayo ni lazima yawe sawa. Tapeti kwanza: kwenye injini hiyo ya Land Rover nafasi ni milimita 0.25, kwenye Beetle ni 0.15 injini ikiwa baridi. Pointi za distributa zifunguke milimita 0.4 hivi. Kisha taiming. Pointi zilizoungua huleta misi inayofanana kabisa na ya kabureta chafu, na kondensa mbovu imeshawafanya watu wengi wanunue kabureta wasiyoihitaji.

Suala la tapeti lilipata uzito zaidi mafuta yalipobadilika. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na kufikia mwanzo wa 2006 Kenya ilikuwa imevuka. Ulimwengu mzima ulimaliza baadaye. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao Gigiri, lilitangaza Agosti 2021 kwamba risasi imetoweka kwenye vituo vyote vya petroli duniani. Ni ushindi mkubwa kwa afya ya watoto, na hakuna mpenda magari anayepaswa kuusikitikia. Ila risasi ilikuwa pia ikizilinda valvu. Kwenye baadhi ya injini kuukuu zenye kichwa cha chuma, zile za Morris Minor kwa mfano, valvu huanza kuzama kwenye kiti chake na nafasi ya tapeti hupungua taratibu mpaka valvu isifunge sawasawa. Gari hupoteza nguvu na kutetemeka. Asiyejua hukimbilia kabureta.

Vumbi nalo lina sehemu yake. Barabara za machimbo ya mawe upande wa Juja na Ndarugu, na zile za udongo mwekundu katikati ya kahawa, hutoa vumbi jembamba linaloingia kila mahali. Land Rover na Beetle za zamani zilitengenezewa kichujio chenye mafuta chini yake: hewa hulazimishwa kupiga kona kali juu ya mafuta hayo na vumbi hunasa. Kichujio hicho kikiachwa kikauke hakichuji, na kikijazwa kupita alama injini huvuta oili. Wapo wanaokitoa na kuweka kipya cha kung'aa kilichotengenezewa magari ya mashindano. Kwa barabara za huku hilo ni kosa. Vumbi likipita, husaga mhimili wa kile kibati cha duara kinachofunguka mguu unapokanyaga mafuta, na mhimili ukilegea hewa huingia kando yake. Fundi hushika mhimili kwa vidole viwili akautikisa. Ukicheza, hakuna skrubu itakayoifanya injini itulie mpaka tundu litiwe bushi mpya.

Gari lenye kabureta mbili ni kazi ya aina nyingine. Kampuni ya Uingereza ya SU, iliyotokana na ubunifu wa akina Skinner, ukoo wa wauza viatu wa London, ilianza na kabureta zenye kiriba cha ngozi ndani yake mwanzoni mwa karne ya 20. Kiriba kikawa pistoni ya chuma, lakini wazo likabaki: pistoni hupanda na kushuka kwa mvuto wa hewa, ikiwa imebeba sindano iliyochongoka inayopanua au kubana njia ya petroli. Volvo PV544 ya michezo iliuzwa ikiwa na SU mbili, na ni kwa PV544 iliyokwisha kutumika ndipo Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyejifunza ufundi kwenye gereji ya baba yake Nairobi, aliposhinda Safari Rally mwaka 1965 akiwa na ndugu yake Jaswant. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Dereva huyo alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na kwenye mashindano yaliyopandisha na kuteremsha magari katika vilima vya Afrika Mashariki hiyo haikuwa faida ndogo.

Kusawazisha SU mbili huanza kwa sikio. Fundi hukata kipande cha mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, injini ikiunguruma. Husikia mvumo wa hewa. Huhamia ya pili. Moja ikivuma zaidi, hulegeza kiungo kati yao na kugeuza skrubu mpaka mivumo miwili ifanane. Ndipo anapogeukia mafuta: hunyanyua pistoni ya kabureta moja kwa chini ya milimita moja na kusikiliza. Injini ikipandisha mlio na kubaki juu, mafuta yamezidi. Ikianguka mara moja, mafuta ni machache. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, hapo ndipo. Nati iliyo chini ya kabureta huzungushwa upande mmoja kwa wakati, kisha kipimo kinarudiwa. Vipo vyombo vya kisasa vya kupima moshi na mvuto wa hewa, na aliye navyo avitumie. Lakini mpira wa maji na sikio lililozoea hukaribia sana matokeo hayo, na havihitaji umeme.

Kila mwaka magari yaliyong'arishwa mpaka ndani ya boneti hupangwa kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong kwa ajili ya Africa Concours d'Elegance. Ni siku nzuri, na ulezi wa magari yale unastahili sifa. Lakini mng'aro hauonyeshi jeti. Ukitaka kujua kama gari limepimwa, lifuate nyuma likipanda mlima.

Hali ya hewa ya huku huongeza mitihani miwili inayopingana. Julai, ukungu unapokaa mpaka saa nne, petroli haigeuki mvuke kwa urahisi na choki inahitajika kuvutwa. Choki ikinata ikabaki imevutwa, masizi hujaa kwenye plagi kabla ya gari kufika Juja. Kwenye Beetle, mrija unaoleta joto la moshi chini ya kabureta ukiziba kwa masizi, barafu inaweza kushika kwenye bomba la hewa asubuhi ya Limuru, zaidi ya mita 2,000 juu. Februari mambo hugeuka. Joto la mchana na shinikizo dogo la hewa huifanya petroli ichemke ndani ya pampu na mirija, gari huzima kwenye foleni ya jua kali, na dereva aliyeambiwa na wazee hulowesha kitambaa akakiweka juu ya pampu ya mafuta. Kitambaa kinasaidia. Kinachosaidia zaidi ni kuuondoa mrija wa mafuta karibu na ekzosi.

Halafu kuna barabara ya Garissa. Inaanzia Thika, na katika kilomita zaidi ya 300 inateremka hadi mji ulio kama mita 150 tu juu ya bahari. Gari lililowekewa jeti ndogo kwa ajili ya Thika likipelekwa huko hukosa mafuta ya kutosha. Joto la mchana huipunguza hewa uzito na hivyo kupunguza kosa, lakini usiku ukiingia na hewa ikipoa injini huanza kugonga na valvu kuungua. Mwenye Land Rover anayekwenda huko mara kwa mara afadhali awe na jeti mbili, moja ndani ya kabureta na nyingine kwenye kisanduku cha spana, na ajue kuibadilisha mwenyewe. Ni kazi ya dakika chache, injini ikiwa imepoa na sigara ikiwa mbali.

Uharibifu mkubwa wa kabureta za zamani hautokani na umri. Unatokana na mikono yenye haraka. Waya ukipitishwa kwenye jeti ili kuondoa uchafu hukwaruza shaba na kupanua tundu, na milimita 0.05 iliyoelezwa hapo juu inapotea kwa sekunde moja. Jeti husafishwa kwa petroli na hewa, basi. Wengine hutoboa jeti kwa drili. Wengine huitupa kabureta halisi na kufunga ya gari jingine lenye injini ndogo, ikaonekana inafanya kazi kwa kuwa gari linawaka. Kabureta ya asili iliyochoka lakini kamili ina thamani kuliko nakala mpya ya bei rahisi, na mwenye gari anayebadilishiwa aidai ile ya zamani aondoke nayo.

Mafundi wanaoyajua haya wanapungua, na sababu iko wazi. Peugeot 504 iliendelea kuunganishwa Mombasa hadi 2004, lakini wakati huo magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa yameshajaza barabara, na sheria ya kutoingiza gari lenye zaidi ya miaka minane ilihakikisha kwamba mfumo wa kielektroniki unachukua nafasi yote. Kiwanda kile kile cha Thika kilianza kuunganisha Volkswagen Polo Vivo mwishoni mwa 2016, na sasa kinaunganisha mabasi ya umeme ya BasiGo, yasiyo na tone la petroli. Fundi kijana wa Ruiru hufunguliwa macho na mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na ni haki yake kujifunza kile kinachomlisha.

Lakini kabureta hazijatoweka mitaani. Zimehamia kwenye pikipiki. Boxer na TVS nyingi zinazosubiri abiria Kimbo au Makongeni zina kabureta, na kando ya kila kituo cha bodaboda hakosekani kijana anayeifungua moja juu ya gazeti, akainua sindano yenye ncha iliyochongoka, akahamisha kipini chake kishimo kimoja juu kwa sababu mwenye pikipiki amelalamika kwamba inakunywa mafuta. Sindano ile ni ndugu ya ile ya SU. Vijana hao hushika kabureta nyingi kwa wiki kuliko fundi wa magari anavyoshika kwa mwaka, na wenye magari ya zamani wanaolia kwamba ufundi umekufa wangefanya vyema kuwaita. Kijana wa namna hiyo akipewa Land Rover atahitaji mtu wa kumkalisha chini na kumwonyesha pointi, kondensa na tapeti nane, maana pikipiki yake haina distributa. Zenith ataifungua bila kuuliza.